Mguu wa Satwa na Simu ya Mwaka wa Tano

 Leo sina habari za wakubwa wala za mpira. Leo nataka tuzungumze habari ya miguu.

Tuanzie Satwa, kwenye ile safu ya maduka ya vitambaa. Anayeijua Dubai anaijua Satwa: mafundi cherehani, maduka ya vitambaa, wauza miche na vyungu vya maua, kituo cha basi, na mikahawa ya Kipakistani ambayo haifungi hadi usiku wa manane. Wiki chache zilizopita nilikuwa nafuatana na ami yangu kutoka msikitini baada ya Maghribi. Jua limeshatua, lakini joto bado linapanda kutoka chini kama tuko juu ya kikaango cha mkate. Hatua mia hivi, ami akasimama mbele ya duka la vitambaa, akakodolea macho jora la hariri. Tukaenda hatua mia nyingine, akasimama mbele ya duka la saa. Mia nyingine, duka la mapazia.

Nikamwambia, "Ami, kuna harusi gani mbona hukuniambia? Leo kila duka unalikagua."

Akacheka. "Natazama tu, mwanangu. Macho hayana pazia."

Mzee yule hajanunua kitambaa maisha yake yote. Hata kanzu hununuliwa na bintiye. Nilipomtazama vizuri nikaona mkono mmoja anaubana kwenye shavu la mguu wa kulia, na midomo ameikaza. Baada ya dakika mbili tatu akaniambia, "Haya, twende," kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wajerumani wana jina la hali hii. Wanaiita ugonjwa wa madirisha ya maduka. Mtu akitembea, mguu unamuuma, anaona haya kusimama njiani bila sababu, basi anajifanya anatazama bidhaa. Akipumzika maumivu yanakwisha, akitembea yanarudi, tena mara nyingi kwenye umbali uleule. Kumbe ami yangu alikuwa na ugonjwa wa Wajerumani katikati ya Satwa, na sisi tukidhani ni uzee. Kliniki moja nisiyoitaja ilikuwa imempa vidonge vya maumivu na vitamini kwa muda wa miaka miwili.

Kinachotokea ni hiki. Mishipa inayoteremsha damu kutoka moyoni hadi miguuni huota utando kwa ndani, wa mafuta na chokaa, mwaka baada ya mwaka. Sigara ndiyo fundi mkuu wa kazi hiyo, akisaidiwa na kisukari, presha na mafuta mabaya ya damu. Hapa Ghuba ongezeni na kile kiko kidogo cha medwakh, ambacho ami alikizoea tangu ujana wake, pamoja na chai ya karak ya sukari vijiko vitatu. Mshipa ukibana nusu, mtu akikaa haoni kitu. Akitembea, msuli unadai damu zaidi, damu haifiki, msuli unalia. Ukizidi kubana, mguu unauma hata usiku kitandani, kidole kinapata kidonda kisichopona, na mwisho wake wengi mnaujua, maana katika kila ukoo wa pwani kuna mtu aliyekatwa mguu kwa "sukari".

Tulimpeleka kwa daktari mmoja mama wa Kisudani. Hakuanza na mashine kubwa. Alimlaza, akampima presha ya mkono, halafu akafunga kile kitambaa cha presha juu ya kifundo cha mguu, akapaka jeli ya baridi, akaweka kifaa mfano wa kalamu. Chumba kizima tukasikia damu ya ami ikivuma: fwuu, fwuu, fwuu, sauti nyembamba kama upepo chini ya mlango. Mkononi 150. Mguuni 90. Akagawa 90 kwa 150, akapata 0.6. Akasema mtu mzima mwenye mishipa salama hupata 1 au kuzidi kidogo, na chini ya 0.9 ni dalili ya kubana. Kipimo hicho hakichukui robo saa. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu kinaweza kudanganya, maana mshipa ulioota chokaa haukubali kubanwa, namba inatoka kubwa ya uongo. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Kisha yule mama akaeleza njia zilizopo. Mazoezi ya kutembea na dawa. Upasuaji wa kupitisha damu kando ya mshipa ulioziba. Au kuingia kwa ndani, kwenye kinena, na waya na mpira mwembamba, halafu puto la kupanua, au stenti, kile kibomba cha waya chenye matundu kinachoachwa ndani, au puto lililopakwa dawa, au vifaa vipya zaidi ambavyo kila mwaka vinatoka. Ami alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza swali moja.

"Binti yangu, hivyo vipya vimeshajaribiwa kwa nani?"

Wasikilizaji, swali hilo ndilo lililonikalisha mbele ya maikrofoni hii leo.

Ami alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, kijana wa miaka kumi na minane. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Siku nne baadaye, tarehe 16, mjini Portland, Marekani, daktari wa eksirei aitwaye Charles Dotter aliletewa bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza. Wapasuaji walishasema ukatwe, bibi akakataa katakata. Dotter akapitisha waya kwenye mshipa wa paja uliobana, juu ya waya akapitisha mpira, kisha mpira mnene zaidi, akautanua mshipa vile vile mtu anavyozibua bomba. Mguu ukapata joto. Bibi yule aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo, akafa kwa maradhi mengine, na miguu yake yote miwili anayo.

Miaka kumi baadaye, 1974, Andreas Gruentzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, aliingiza kwenye mshipa wa mguu puto alilokuwa amelitengeneza mwenyewe kwa majaribio mengi kwenye meza ya jikoni kwake. Miaka mitatu tena akalipeleka kwenye mishipa ya moyo. Baadaye Julio Palmaz, daktari wa Argentina, akaja na stenti. Kwa hiyo mnaposikia ndugu yenu kawekewa stenti ya moyo pale Muhimbili kwenye taasisi ya Jakaya Kikwete, kumbukeni kwamba puto lilikwenda moyoni likitokea mguuni.

Lakini tazameni namna walivyojaribu. Mtu mmoja, daktari mmoja, ujasiri mwingi. Mwaka huohuo wa 1964, mwezi wa Juni, madaktari wa dunia walikutana Helsinki wakapitisha Azimio la maadili ya kufanya utafiti kwa binadamu. Walikuwa na makovu ya vita na ya kambi za Wanazi akilini. Tangu hapo njia ya kifaa kipya hadi kwenye paja la mtu imekuwa ndefu. Haijawa ndefu sana kila mahali, maana Marekani kwa mfano kuna vifaa vinavyopita kwa kuthibitisha kuwa vinafanana na kaka yao aliyekwisha kupitishwa. Mimi njia hiyo ya undugu hainipendezi, lakini ndiyo sheria yao.

Kwanza kifaa kinateswa maabara. Stenti inawekwa ndani ya bomba la mpira na kupigwa mapigo kama ya moyo, mapigo karibu milioni 400, ndiyo makadirio ya miaka kumi ya maisha ya mtu. Halafu inakunjwa, inapindwa, inavutwa. Mshipa wa paja si kama wa moyo. Huo unapita karibu na goti, na mtu anakaa, anachuchumaa, anapanda ngazi. Mwaka 2005 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa miguu 121 iliyowekewa stenti za zama zile. Eksirei ilionyesha miguu 45 kati ya hiyo stenti zake zimevunjika ndani, na palipovunjika sana mshipa ulikuwa hatarini zaidi kubana tena.

Niliposoma hesabu hiyo nilimfikiria ami. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17. Kila rakaa ina sijida mbili, zinakuwa 34. Kwa mwaka zinapindukia 12,000, na kwa miaka mitano zinapita 60,000, bado hujahesabu sunna na Tarawehe. Kila sijida goti linakunjwa hadi mwisho. Mzee wa Stockholm akikaa kwenye kiti chake na mzee wa Satwa akienda msikitini mara tano, stenti zao haziishi maisha ya aina moja. Kwa hiyo ami alimwambia daktari, bila haya, "Mimi nasali chini, sitaki kiti." Yule mama akaandika kwenye faili. Nanyi semeni. Daktari hawezi kukisia kwamba goti lako linafanya kazi hiyo.

Baada ya maabara, wanyama, na mara nyingi ni nguruwe, kwa sababu mishipa yake inafanana na yetu. Nilipomweleza ami hilo alisema "Audhubillahi," kisha akanyamaza, kisha akauliza, "Wamepona?" Baada ya wanyama, watu wachache. Baada ya hao, jaribio kubwa: wagonjwa wanapigiwa kura, huyu anapata kifaa kipya, yule anapata puto la kawaida. Hachagui mgonjwa wala daktari. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, atawapa kifaa kipya wale anaowaona wana nafuu, au wale wanaoweza kulipa, halafu tutasema kifaa kimeponya kumbe kilipewa waliokuwa wanapona.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwisho wa jaribio, kinahesabiwa nini?

Mara nyingi kinahesabiwa kama mshipa uko wazi baada ya miezi kumi na miwili, na kama mgonjwa amerudi kufanyiwa tena. Picha inapendeza sana. Kabla, mshipa mweusi uliokatika. Baada, mto unapita. Ukiionyesha picha hiyo kwenye mkutano wa madaktari, ukumbi mzima unatikisa kichwa. Lakini ami hakwenda hospitali kutafuta picha. Alitaka afike nyumbani kutoka msikitini bila kukagua mapazia.

Chukueni mfano wa karibuni. Mwezi wa Aprili 2024 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Esprit, cha mishipa midogo iliyo chini ya goti. Kimetengenezwa kwa kitu kinachoyeyuka chenyewe mwilini baada ya miaka, na kimepakwa dawa. Jaribio lake lilikuwa na wagonjwa 261. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 74 katika kila 100 waliopata kifaa walikuwa salama kwa vigezo vilivyowekwa, na kwa puto la kawaida 44. Tofauti kubwa, tena ya kweli. Ila vigezo vile ni mkusanyiko: kukatwa mguu, mshipa kuziba, mshipa kubana tena, kurudiwa kazi. Na sehemu kubwa ya ushindi ilitoka kwenye mshipa kubaki wazi. Kwenye kukatwa mguu pande mbili hazikupishana sana. Sisemi kifaa kibaya. Nasema muulizeni daktari: "Katika hao 74, mnahesabu mishipa au mnahesabu miguu?"

Na kisa kikubwa kuliko vyote ni cha dawa ya paclitaxel. Dawa hii asili yake ni gamba la mti, inatibu saratani. Ikipakwa kwenye puto au stenti inazuia mshipa kuota nyama tena kwa ndani. Marekani ilianza kuidhinisha vifaa hivyo vya miguu mwaka 2012 na picha zilikuwa nzuri mno. Miaka michache tu vikawa vya kawaida. Mwezi wa Desemba 2018, Mgiriki Konstantinos Katsanos na wenzake walikusanya majaribio 28 yenye wagonjwa zaidi ya 4,600 wakajumlisha upya. Wakahesabu kitu ambacho majaribio mengi hayakukifanya kuwa swali lake kuu: nani amekufa? Kwa yale majaribio machache yaliyofika miaka mitano, waliopata dawa walikufa karibu 15 katika kila 100, wasioipata 8.

Mnaweza kufikiri palivyowaka. Majaribio makubwa ya Sweden na Uingereza yalisimamishwa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliandika barua kwa madaktari mwezi wa Januari 2019 na ikawaita wataalamu kikaoni mwezi wa Juni. Mgonjwa aliyekwisha kuwekewa afanyeje? Dawa imo ndani ya mshipa, haitoki.

Halafu likajitokeza tatizo ambalo mtu wa Satwa atalielewa upesi kuliko profesa. Katika majaribio yale, watu wengi walikuwa wamepotea. Hawakuja miadi ya mwaka wa tatu, wala wa nne. Wamehama, wamechoka, wamekufa, hakuna aliyeandika. Hata wachache wakipotea, hesabu inayumba. Watafiti walipotumwa kuwatafuta waliopotea, mmoja mmoja, na kuandika yu hai au kafa, ile hatari ikapungua.

Sweden wao, baada ya kusimama, waliendelea tena, na Sweden ina kitu kimoja cha ajabu. Tangu 1947 kila mkazi ana namba yake, ya maisha. Akihama mji, namba ipo. Akilazwa, ipo. Akifa, daftari linajua. Jaribio lao liitwalo SWEDEPAD lilitoa hesabu ya kwanza mwaka 2020: wagonjwa 2,289, waliokufa upande wa dawa asilimia 25.5, upande usio na dawa asilimia 24.6. Hakuna tofauti ya maana. Julai 2023 FDA ikatamka kwamba takwimu zilizopo haziungi mkono ile hatari ya vifo. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri kwa wenye viwanda. Lakini mwaka 2025 SWEDEPAD walitoa matokeo kamili: kwa wagonjwa waliokuwa hatarini kupoteza mguu, dawa haikupunguza kukatwa miguu, na kwa wale wa maumivu ya kutembea, akina ami, haikuwapa maisha bora kuliko kifaa kisicho na dawa. Habari ya vifo nayo bado wataalamu wanaibishania. Miaka zaidi ya kumi sokoni, ndipo jibu la swali la ami likapatikana. Na limepatikana kwa sababu ya daftari la wakazi. Mashine hazina sifa hapo.

Sasa rudini nami Satwa.

Kuna ndugu mmoja mtu wa Kilifi, tulizoeana naye. Alikuwa mlinzi, saa kumi na mbili kwa siku anasimama mlangoni mwa jengo kwa viatu vyeusi vya kubana. Anaishi bedi spesi, chumba kimoja vitanda vya juu na chini, kabati la chuma la kila mtu lina kufuli lake. Ana kisukari. Kidole kikapata kidonda, akakificha mwezi mzima asije akaambiwa hafai kazi. Alipofikishwa hospitali akawekewa stenti mshipa wa paja, kidole kikakatwa, mguu ukapona. Bima ya lazima ya Dubai, ile ya sheria ya 2013, ilibeba sehemu kubwa. Akapewa miadi ya miezi sita.

Mwezi wa nne mkataba ukaisha. Viza ikafutwa. Laini ya simu ikafa. Miadi ikafika, jina likaitwa ukumbini, hakuna aliyeitika. Kwa hospitali yeye ni mtu aliyepotea. Hajapotea, yuko Kilifi anauza mbata. Siku moja akanitumia ujumbe kwa WhatsApp: daktari wa huko anamuuliza alichowekewa ni nini, cha ukubwa gani, na ile dawa ya kuzuia damu kuganda aliambiwa ameze hadi lini. Hajui. Kadi alipewa, ameiacha ndani ya lile kabati la chuma. Bahati, mwenzake wa kitanda cha juu alikuwa hajahama. Akaipata kadi chini ya karatasi za benki, akanipigia picha: tarehe, jina la kifaa, kipenyo milimita 6, urefu milimita 100, namba ndefu ya kiwandani. Kikadi cha ukubwa wa leseni ya udereva, na ndiyo historia yote ya mguu wake.

Yeye hakuwa kwenye jaribio lolote. Lakini mtafiti akitaka kujaribu kifaa kipya Satwa, atakutana naye mara elfu. Mji wa watu wa viza ya miaka miwili unaombwa majibu ya miaka mitano. Mnaona kwa nini vifaa hivi vinajaribiwa Sweden, Marekani, Ujerumani, Japani, halafu vinaletwa kwetu vikiwa na ushahidi wa miguu ya watu wengine? Watu wanapenda kusema Mwafrika na Mhindi wamefanywa panya wa maabara. Limewahi kutokea, na tusilisahau. Kwenye hili la miguu mimi naona kasoro iko upande wa pili: hatuhesabiwi. Mguu wa mlinzi anayesimama saa kumi na mbili kwenye joto la digrii 45, mguu wa mpakuzi wa mizigo wa soko la Karume aliyehamia Jebel Ali, goti la sijida 34, havimo kwenye hesabu.

Wala si kwamba watu wa hapa hawakubali kujaribiwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Imarati ilifanya jaribio la chanjo ya Sinopharm. Watu kama 31,000 wa mataifa zaidi ya mia walijitolea, wengi wao wageni kama sisi. Foleni ilikuwako. Lakini jaribio lile lilitoa jibu la kwanza ndani ya miezi. Mguu hautoi jibu kwa miezi.

Sheria nayo inakua. Tangu Januari 2025 Imarati ina sheria mpya ya dawa na bidhaa za tiba, vifaa tiba vikiwamo, na chombo cha shirikisho cha kuvisimamia. Tanzania nayo mwaka 2019 ilibadili ile TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na neno "vifaa tiba" likaingia kwenye jina lenyewe. Chombo kipo. Daftari la kumfuata mtu kutoka Satwa hadi Kilifi hadi Tanga, hilo halipo.

Neno kidogo kwa walio nyumbani, msije mkadhani kila kidonda cha mguu kinataka stenti. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kwenye miguu ya wagonjwa wa kisukari, na mradi wake wa Hatua kwa Hatua ulifundisha madaktari na wauguzi mikoani kuangalia miguu mapema. Alichokiona pale ni kwamba vidonda vingi vinaanza na ganzi na uchafu kuingia, mtu amekanyaga msumari na hakusikia. Hapo kinachookoa mguu ni kuvua kiatu na kutazama wayo, kila siku. Kifaa hicho kinaitwa macho.

Na ami? Daktari hakumwekea kitu. Alimwambia aache kiko, akampa dawa ya mafuta na aspirini, akamtaka atembee: tembea hadi paume, simama hadi paache, tembea tena, nusu saa hadi dakika arubaini, mara tatu kwa wiki, miezi mitatu. Ami alikasirika. Alikuwa ameshajiandaa na puto. Lakini kuna jaribio la Marekani la mwaka 2012, la wagonjwa 111 wenye kuziba juu karibu na nyonga: baada ya miezi sita, waliotembezwa chini ya uangalizi waliweza kutembea muda mrefu zaidi kuliko waliowekewa stenti, ingawa wa stenti walisema maisha yao yamependeza zaidi. Nikamsomea. Akasema, "Basi hata kutembea kumejaribiwa!" Sasa anatembea ndani ya maduka makubwa yenye ubaridi, kanzu na viatu vya mazoezi, na kaniambia duka la saa analipita bila kusimama. La mapazia bado.

Siku akihitaji puto, atawekewa. Na nyinyi pia, mkiambiwa kuna kifaa kipya kiko kwenye majaribio na mnaombwa kuingia, msikimbie na msisaini haraka. Ombeni karatasi ielezwe kwa lugha mnayoielewa. Kama ni Kiarabu na Kiingereza tu, daini mkalimani, ni haki yenu. Ulizeni mwingine anapata nini. Ulizeni kinachohesabiwa. Mnaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yenu yasiguswe, na hakuna msimamizi wa kazi anayeruhusiwa kukuingizeni kwa amri.

Na mkikubali, basi fanyeni jambo moja kwa ajili yangu. Pale kwenye namba ya simu, msiandike ya Dubai peke yake. Andikeni ya mke aliyeko Kilifi, ya kaka aliyeko Tanga, ya mwalimu wa madrasa ambaye hahami. Kadi ya kifaa ikae ndani ya pasipoti, isikae kabatini. Na ikija siku, mwaka wa tano, simu ya namba ngeni inalia na mtu anakuuliza kama bado unatembea, usimkatie ukidhani ni wale matapeli wa benki. Mjibu.